Jinsi ya kumchagua wakala wa kuuza kazi yako: mwongozo kamili kwa mpiga picha wa kulipwa

Mpiga picha anapoanza kumtafuta wakala, swali la kwanza analouliza karibu kila mara ni hili: ataniletea wateja wangapi? Swali hilo lina haki yake, kwa kuwa kodi ya studio hailipwi kwa sifa, lakini halitakuonyesha wakala mzuri ni yupi. Nimefanya kazi na mawakala watatu jijini Nairobi, wawili wakiwa wa kazi za matangazo na mmoja wa maktaba ya picha, na kwa yale yaliyonipata ninaamini kwamba wakala wa mpiga picha hupimwa kwa namna anavyoandika bei. Karatasi ya makadirio anayomtumia mteja kabla kamera haijatoka kwenye mkoba ndiyo itakayoamua utalipwa nini, picha itatumika wapi na kwa muda gani, na mwishowe itakuwa mali ya nani. Ndiyo maana mwongozo huu unarudi kwenye karatasi hiyo mara kwa mara.

Hakikisha kwanza kwamba wakati wa kuwa na wakala umefika

Fungua hesabu zako za miezi 12 iliyopita. Walisema wahenga kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na mpiga picha asiye na daftari hana cha kumwonyesha wakala wala cha kumdai baadaye. Orodhesha kila kazi, mteja aliyeiagiza, ada uliyolipwa, gharama ulizotumia, na siku zilizopita kati ya kutuma ankara na kupokea fedha. Orodhesha pia kazi ulizozikosa, na sababu ya kuzikosa.

Wakala huishi kwa kamisheni. Kama kazi nyingi katika orodha yako ni harusi na sherehe za familia, humhitaji, kwa sababu wateja wa namna hiyo hupatikana kwa kupendekezwa na ndugu na jirani, na hakuna ruhusa ya matumizi ya kujadiliana nao. Unamhitaji pale ambapo kampuni za matangazo, mashirika, magazeti na hoteli zimeanza kukuita, na wewe unajikuta ukipoteza usiku mzima ukiandika makadirio ambayo hujui kama ni ya juu mno au ya chini mno. Dalili nyingine ni pale ambapo wateja wanakubali bei yako ya kwanza bila neno. Mteja wa kampuni kubwa asipojadili hata kidogo, mara nyingi ni kwa sababu alikuwa ametenga zaidi ya ulichoomba.

Kisha tazama kazi yenyewe. Wakala hawezi kuuza potifolio, yaani mkusanyiko wa picha unazowaonyesha wanunuzi, yenye chakula, siasa, twiga, mahafali na mitindo ya mavazi vyote pamoja, kwani mnunuzi anapomtafuta mpiga picha wa chakula anataka kuona chakula ukurasa baada ya ukurasa. Chagua fani moja au mbili, ubaki na picha 20 hadi 30 zisizohitaji kuelezwa, na uweke pembeni zilizobaki hata kama unazipenda.

Jua ni wakala wa aina gani unayemtafuta

Neno wakala katika kazi yetu lina maana zaidi ya moja, na wengi huumia kwa kusaini na wa aina isiyowafaa.

Yupo wakala wa kazi za kuagizwa, anayekuuza kwa kampuni za matangazo na mashirika, akijadili ada kwa niaba yako kwa kila kazi. Upande wa pili kuna maktaba ya picha, inayopokea picha zilizokwisha kupigwa na kuzikodisha kwa wanunuzi wa dunia nzima, ikibaki na sehemu ambayo kwa kawaida ni nusu au zaidi ya mapato. Kuna nyumba ya sanaa inayouza nakala zilizochapishwa kwa wakusanyaji, na hapo mgawo uliozoeleka ni nusu kwa nusu. Na kuna wakala wa picha za habari. Aina hii ina historia ya kujivunia kwetu: Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, alianzisha Camerapix jijini Dar es Salaam mwaka 1963 akiwa na umri wa takriban miaka 20, na baadaye akaendeshea kazi zake Nairobi. Miaka 16 kabla ya hapo, mwaka 1947, Robert Capa, Henri Cartier-Bresson, George Rodger na David Seymour walianzisha Magnum, ushirika unaomilikiwa na wapiga picha wenyewe, na shabaha yao mojawapo ilikuwa kwamba hakimiliki ibaki kwa aliyepiga picha, isichukuliwe na gazeti lililomtuma. Jambo hilo lilikuwa tatizo wakati ule, na bado ni tatizo leo.

Mwongozo huu unamhusu zaidi wakala wa kazi za kuagizwa, kwa kuwa ndiye mwenye mamlaka makubwa zaidi juu ya maisha yako, ingawa mengi yatakayosemwa kuhusu mkataba yanawahusu wote.

Usimchanganye na dalali. Dalali hukutanisha muuzaji na mnunuzi, akapokea chake akaenda zake. Wakala husimama mahali pako: anachokubali amekubali kwa niaba yako, na anachosaini ndani ya mamlaka uliyompa kinakufunga wewe.

Elewa kinachouzwa

Mpiga picha wa matangazo huuza vitu viwili katika kazi moja. Cha kwanza ni siku yake ya kazi, pamoja na ustadi na vifaa. Cha pili ni ruhusa ya kuitumia picha: mahali gani, kwa muda gani, katika nchi zipi. Wengi wetu hudhani tunauza siku tu, na wakala asiyejua kazi yake hudhani vivyo hivyo.

Sheria inaufanya uzembe huu uwe wa hatari. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 kinasema kwamba kazi iliyoagizwa na mtu ambaye si mwajiri wa mtunzi huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama kuna makubaliano kati ya pande mbili yanayozuia au kupunguza uhamisho huo. Soma sentensi hiyo mara mbili. Ina maana kwamba mteja akikuagiza picha, nanyi hamkuandikiana lolote kuhusu haki, sheria inaanzia upande wa mteja. Watu wengi husema hakimiliki ni ya aliyebonyeza kitufe, na kwa picha ulizopiga bila kuagizwa na mtu ni kweli, tena bila hata kuzisajili. Lakini picha ya kuagizwa ni habari nyingine, na hapa wakala ama anakulinda ama anakumaliza.

Mimi nilijifunza hili kwa gharama. Wakala wangu wa kwanza, ambaye simtaji jina, alinipatia kazi ya kampuni ya unga. Nilipiga picha ya mikono ya mama mmoja akichekecha unga juu ya ungo, bangili ya shaba ikiwa imefunikwa na vumbi jeupe hadi nusu, na mwanga wa dirisha ukipita ndani ya unga uliokuwa ukielea. Kwa maneno ya mdomo tulielewana kwamba picha itatumika kwenye mabango ya dukani na magazeti ya Kenya kwa mwaka mmoja. Zaidi ya miaka miwili baadaye nilikuwa Kampala, kwenye foleni ya duka, na mbele yangu kulikuwa na pakiti za kilo mbili zimepangwa kutoka sakafuni hadi kiunoni, na kwenye kila pakiti kulikuwa na mikono ileile na bangili ileile. Niliporudi Nairobi nilikwenda kwa wakili. Aliniuliza swali moja tu: "Mliandikiana nini?" Nikampa ankara ya wakala. Ilikuwa na mstari mmoja: kupiga picha, siku moja, pamoja na picha zote. Wakili aliisoma, akaigeuza kutazama kama nyuma kuna kitu, kisha akanirudishia.

Tangu siku hiyo sijawahi kumwuliza wakala ana wateja wangapi kabla sijaomba kuona ankara na makadirio yake.

Tafuta majina, kisha watafute walioondoka

Orodha nzuri ya mawakala haitoki kwenye matangazo yao. Tazama kampeni za matangazo unazotamani ungezipiga wewe, ujue nani alizipiga na nani anamwakilisha. Zungumza na watayarishaji wa kampuni za matangazo, watu ambao ndio hupokea makadirio hayo kila wiki, na uwaulize ni wakala gani anayejibu barua kwa wakati, ambaye karatasi zake haziwapi kazi ya ziada, na ambaye siku ya kupiga picha mambo yakiharibika hupokea simu. Mtayarishaji mmoja aliwahi kuniambia, "Kaka, mimi namwita mpiga picha wa wakala ninayemwamini hata kama picha za mwingine ni nzuri kidogo zaidi, kwa sababu mimi ndiye nitakayeulizwa bajeti ikipasuka." Maneno hayo yanafaa kukumbukwa na kila anayechagua wakala, kwa sababu tabia ya wakala huwa sehemu ya jina lako.

Ukishapata majina manne au matano, tazama wapiga picha walio chini ya kila wakala. Kama tayari anaye mpiga picha mwenye fani na mtindo kama wako, mtakuwa mkigombea mlango mmoja, na mkubwa ndiye atakayepita kwanza. Kama hana kabisa mtu wa fani yako, uliza kama anawajua wanunuzi wa fani hiyo au ataanza kuwatafuta akishakusaini. Idadi nayo ina uzito: mtu mmoja aliye peke yake ofisini, mwenye wapiga picha 25, hawezi kuwasukuma wote.

Kisha fanya jambo ambalo wengi huona haya kulifanya. Watafute wapiga picha wawili walioachana na wakala huyo, uwanunulie chai, na uwaulize mambo matatu: alikuwa akilipa baada ya siku ngapi, aliwahi kukubali kazi bila kuwauliza, na walipoondoka alirudisha nini. Walio chini yake sasa watakusifia kwa sababu bado wanamhitaji. Walioondoka hawana sababu hiyo. Wapo watakaokuwa na kinyongo, na kinyongo utakitambua. Wawili wakisema jambo lilelile bila kujuana, liamini.

Mtihani wa makadirio

Hii ndiyo hatua ninayoitegemea kuliko nyingine zote, na sijaona mwongozo unaoipa nafasi inayostahili.

Wakala akishaonyesha kwamba anakutaka, mwandikie kazi ya kubuni, aya moja tu, kama vile mteja angeileta. Kwa mfano: hoteli ya Diani inataka picha 8 za vyumba, chakula na ufuo, siku mbili za kazi, wahusika wanne wa kulipwa, picha zitumike kwenye tovuti, mitandao ya kijamii na mabango ya barabarani. Mwombe akuandikie makadirio kama ambavyo angemtumia mteja. Mwambie wazi kwamba ni mtihani, kwani hakuna ubaya katika hilo. Naye atakuwa amekuomba potifolio.

Jambo la kwanza la kutazama ni kama atarudi na maswali kabla ya kuandika bei. Aya niliyoiandika hapo juu imeacha mambo makubwa wazi. Mabango hayo ni ya Kenya peke yake au pia ya nchi wanakotoka watalii? Ni ya miezi mingapi? Matangazo ya kulipia mitandaoni yamo au hayamo? Wahusika wamesaini ridhaa ya matumizi gani? Hoteli ikiuzwa au ikibadili jina, mmiliki mpya ana haki ya kuendelea na picha? Wakala anayetoa bei bila kuuliza hata moja kati ya hayo anauza siku yako tu, na picha anaitoa zawadi.

Jambo la pili ni umbo la karatasi. Wakala wangu wa sasa aliniletea ukurasa mmoja na nusu. Ada ya kupiga picha ilikuwa kwenye mstari wake. Ada ya matumizi ilikuwa kwenye mistari mingine, kila matumizi na mstari wake: tovuti ya hoteli, miezi 24; mitandao ya hoteli, bila matangazo ya kulipia, miezi 24; mabango, Kenya tu, idadi isiyozidi 10, miezi 6 tangu siku bango la kwanza linaposimamishwa. Chini yake kulikuwa na sentensi iliyosema kwamba matumizi yoyote yasiyotajwa hayamo, na nyingine iliyotaja bei ya kurefusha muda, ili mteja asije akasema baadaye kwamba hakujua. Ilifuata sentensi kwamba hakimiliki inabaki kwa mpiga picha, jambo ambalo, kwa sababu ya kifungu cha 31 nilichokieleza, lazima liwe limeandikwa na kukubaliwa na mteja kabla ya kazi. Gharama zilitengwa: msaidizi, taa za kukodi, usafiri, malazi ya usiku tatu, uhariri wa picha kwa idadi. Mwisho kulikuwa na masharti ya malipo, nusu kabla ya siku ya kwanza, na kiasi kitakachotozwa kazi ikiahirishwa ndani ya saa 48.

Jambo la tatu ni bei yenyewe, na hapa ninakuomba usikimbilie kufurahi. Wakala mwenye bei ya juu kuliko wote anaweza kuwa hajui soko, akakuacha ukikaa miezi mitatu bila kazi. Muulize jinsi alivyofikia kila tarakimu. Anayejua kazi yake atakueleza kwamba ada ya mabango ameipata kwa kulinganisha na kazi fulani ya mwaka jana, na kwamba kama hoteli itasema bajeti haitoshi, atapunguza matumizi kwanza, aondoe mabango au afupishe miezi, kabla hajagusa ada yako ya siku. Mpangilio huo wa kupunguza ndio ustadi wa wakala. Asiye na ustadi hupunguza tarakimu ya chini kabisa ya ukurasa na kuacha haki zote zikiwa vilevile.

Hesabu ya kamisheni, mpaka shilingi ya mwisho

Kwa mawakala wa Uingereza na Marekani kamisheni iliyozoeleka ni asilimia 25 hadi 30 ya ada, na wengi wa hapa kwetu huanzia mazungumzo yao kwenye viwango hivyo. Asilimia yenyewe haina madhara makubwa kama neno linaloifuata: asilimia 25 ya nini?

Chukua kazi yenye ada ya kupiga picha shilingi 200,000, ada ya matumizi 150,000, na gharama 180,000. Jumla ni 530,000, na kodi ya ongezeko la thamani ya Kenya, asilimia 16, inaongeza 84,800, hivyo ankara nzima ni 614,800. Kamisheni ikihesabiwa kwa ada peke yake, yaani 350,000, wakala anapata 87,500 na wewe unabaki na 262,500. Ikihesabiwa kwa ankara nzima, wakala anapata 153,700. Gharama ni lazima uzilipe na kodi ni lazima uipeleke, kwa hiyo tofauti ya shilingi 66,200 inatoka kwenye ada yako, nawe unabaki na 196,300. Katika mfano huo umekatwa karibu asilimia 44 ya kipato chako huku mkataba ukisema 25. Nimeiona mikataba ya namna hiyo imesainiwa na watu wenye akili timamu, kwa kuwa iliandikwa "asilimia 25 ya malipo yote yatakayopokelewa", maneno yanayosomeka vizuri mpaka uyapigie hesabu. Mkataba wako useme kamisheni ni ya ada ya kupiga picha na ada ya matumizi, bila gharama na bila kodi. Tanzania Bara kiwango cha kawaida cha kodi hiyo ni asilimia 18, na hesabu huenda kwa njia ileile.

Uliza pia ankara itatoka kwa jina la nani. Wateja wakubwa wa Kenya hukata kodi ya zuio, kwa mkazi asilimia 5 ya ada za kitaalamu, na cheti cha kodi hiyo hutoka kwa PIN, yaani namba ya mlipakodi, ya yule aliyetoa ankara. Wakala akitoa ankara kwa jina lake, kodi imekatwa kwenye jasho lako na nafuu imeandikwa kwake. Ankara za eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato ya Kenya, nazo zinafuata mkondo huohuo. Njia iliyo safi ni ankara kutoka kwako, ikilipwa kwenye akaunti yako, na wakala akutoze kamisheni kwa ankara yake. Wakala wengi hukataa, wakihofia kutolipwa, na hofu yao ina msingi. Kama fedha ni lazima zipitie kwake, basi mkataba useme atakulipa ndani ya siku saba tangu fedha ziingie, aambatanishe nakala ya ankara aliyomtumia mteja, na aeleze kodi ya zuio itakavyogawanywa. Nakala ya ankara isikose kamwe. Wakala anayekutumia fedha bila kukuonyesha mteja alitozwa kiasi gani anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Mkataba

Mpelekee wakili mkataba kabla ya kusaini, lakini usome mwenyewe kwanza, kwa sababu wakili anajua sheria na wewe ndiye unayejua kazi yako inavyokwenda.

Anza na upekee. Wakala wa pekee wa dunia nzima kwa kazi zote ni ombi kubwa mno kwa mtu ambaye wateja wake wote wako Nairobi na Mombasa. Mpe eneo analolifikia kweli, na fani anayoiuza kweli. Kama anafanya matangazo, picha zako za habari, vitabu na maonyesho zibaki nje.

Wateja uliokuja nao waandikwe kwa majina kwenye kiambatisho. Hao ulikuwa nao kabla yake, na hastahili kamisheni kwao, au anastahili ndogo zaidi iwapo utamkabidhi kuwaandikia makadirio. Kosa la kawaida hapa ni kuandika "wateja wa zamani" bila majina, halafu mwaka wa pili mnaanza kubishana kama tawi jipya la mteja yuleyule ni mteja mpya.

Mamlaka ya kusaini yabaki kwako. Aruhusiwe kujadili na kupendekeza, lakini asikubali kazi, asihamishe hakimiliki na asitoe leseni ya pekee, yaani ruhusa ya kutumia picha anayopewa mteja mmoja tu, bila idhini yako ya maandishi. Sheria ya Kenya inataka uhamisho wa hakimiliki na leseni ya pekee viwe kwa maandishi yaliyosainiwa, na ni muhimu saini hiyo iwe yako. Ongeza sentensi inayozuia picha kutumika kufundishia programu za akili mnemba (AI), kwani maneno mapana kama "matumizi yoyote ya kidijitali" yanaweza kulibeba hilo bila kulitaja.

Kuhusu fomu za ridhaa za watu waliopigwa picha, kubalianeni nani anazikusanya na nani anazitunza. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina yake ya mwaka 2022. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ya Kenya ilitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Mteja wako akifikwa na hilo atakuja kuuliza fomu iko wapi.

Muda wa kwanza usizidi mwaka mmoja, na kila upande uwe na haki ya kuuvunja kwa notisi ya siku 30 hadi 60. Baada ya kuachana, ni desturi wakala kuendelea kulipwa kamisheni kwa wateja aliowaleta kwa miezi mitatu hadi sita. Hiyo ni haki, maana kazi aliyoipanda huvunwa baadaye. Kinachokataliwa ni kamisheni isiyo na mwisho. Madai yasiyozidi shilingi milioni moja yanaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo ya Kenya, kwa hiyo kataa kifungu kinachokulazimisha kwenda kusuluhishwa London kwa ajili ya ankara ya laki mbili.

Jambo la mwisho katika mkataba wengi hawapendi kulizungumza: ukifariki, picha zako ziko kwa nani? Seydou Keïta, mpiga picha mkuu wa Bamako, Mali, ambaye picha zake za studio zilikuja kupendwa duniani kote, alifariki Paris mwaka 2001, na baada yake kukazuka mzozo mrefu kuhusu nani ana haki juu ya hasi zake, yaani filamu asili ambazo picha huchapishwa kutoka kwazo. Hasi ni kitu cha kushikika, chenye sanduku, na bado watu waligombana. Faili lililo kwenye seva ya wakala ni rahisi zaidi kupotea. Andika kwamba faili asili zinabaki kwako, kwamba wakala ana nakala tu, na kwamba mkataba ukiisha kwa sababu yoyote ile, kifo kikiwemo, nakala hizo zitarudishwa au kufutwa ndani ya siku 30 na haki kubaki kwa warithi wako waliotajwa.

Miezi sita ya kwanza

Usimhukumu wakala kwa miezi miwili, kwani kampuni hupanga bajeti zao mapema na mlango mpya huchukua muda kufunguka. Ila kila mwezi mwombe taarifa ya ukurasa mmoja: alionyesha potifolio yako kwa nani, alituma makadirio mangapi, yapi yalikataliwa na kwa sababu gani. Makadirio yaliyokataliwa yana mafunzo mengi, na wakala anayekuficha hayo hujui anakuuza kwa bei gani. Wewe nawe umpe cha kuuza, angalau kazi mpya moja uliyoipiga bila kuagizwa kila baada ya miezi miwili.

Ikifika miezi sita, chukua kazi tatu na uweke mezani karatasi tatu za kila moja: makadirio, ankara, na stakabadhi ya fedha uliyopokea. Matumizi yaliyotajwa kwenye makadirio yawe yaleyale kwenye ankara, na kamisheni iliyokatwa iwe ile ya mkataba. Kosa moja linaweza kuwa la karani. Kosa lilelile likirudi katika kazi ya pili, mwite mkae, na likirudi katika ya tatu, toa notisi.

Na siku ya kuondoka, kabla hamjapeana mikono, omba orodha ya leseni zote zinazoendelea, ikiwa na jina la mteja, matumizi yaliyoruhusiwa na tarehe ya mwisho ya kila moja. Kuanzia hapo hakuna mwingine atakayekumbuka kwamba bango la hoteli lilipaswa kushushwa tarehe 30 Juni. Ziandike tarehe hizo kwenye kalenda yako, na wiki mbili kabla ya kila moja umwandikie mteja kumwuliza kama anataka kurefusha, ukiambatanisha makadirio.